Mume wangu anataka Ujiji, mimi nataka Tabora: uzee wetu tuupeleke wapi?

Dada Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61. Mume wangu ana 68. Tunaishi Kinyerezi, Dar es Salaam, kwenye nyumba tuliyoijenga wenyewe kwa mikopo na vikoba. Mungu ametujalia watoto watatu. Wa kwanza, binti, yuko Marekani na kazi yake ni kuhudumia wazee. Wa pili ameolewa Mwanza. Wa mwisho yuko hapa Dar, anahangaika na biashara yake.

Mwaka jana mume wangu alipata kiharusi kidogo. Alhamdulillahi amesimama, anatembea, ila mguu wa kushoto anauburuta, na akishika kikombe kwa mkono huo chai inamwagikia kisahanini. Ana presha na kisukari, anajichoma insulini asubuhi na jioni. Siku ya kliniki tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi jua likizama. Dar imetuchosha. Tumekubaliana kuhama, tatizo ni wapi.

Yeye anataka kwao Ujiji, Kigoma. Ipo nyumba ya marehemu baba mkwe, kubwa, yenye uwanja katikati. Walizaliwa saba, wanaume wanne na wanawake watatu, wote wako hai. Mashemeji zangu wawili wanaishi humo na wifi mmoja na wanawe. Wazazi wote wawili walishafariki na nyumba haijagawanywa mpaka leo. Mume wangu anasema mtu huzeekea kwao.

Mimi nilifundisha Tabora miaka 14. Nina kiwanja pale, nje kidogo ya mji, na wenzangu niliokuwa nao kazini wengi wamestaafu wakabaki huko. Moyo wangu uko Tabora.

Binti yetu wa Marekani alinieleza kwamba kule kuna vijiji vya wazee. Mtu anaingia angali na nguvu zake, anaishi kwenye nyumba yake. Akianza kudhoofika anasaidiwa kuoga na kumeza dawa. Akilala kitandani, wauguzi wako humo humo, hahamishwi tena. Akasema, "Mama, mji mtakaouchagua uwafae kwa hatua zote tatu." Nilipomuuliza mume wangu kama Tabora au Kigoma kuna mahali pa namna hiyo, alikasirika sana. Aliniambia nataka kumpeleka makazi ya wazee kama mtu asiye na watoto. Siku mbili hakunisemesha.

Dada, nakosea kuikataa Ujiji? Na je, tuuze nyumba ya Kinyerezi tujenge Tabora?

Mwalimu mstaafu, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Poleni na maradhi, na hongera kwa kumsimamisha shemeji tena.

Nianze na lile lililomnyamazisha siku mbili. Tabora hakuna kijiji cha namna aliyoieleza binti yako, wala Kigoma. Huko Marekani wanaoingia hulipa ada ya kuingilia ambayo mara nyingi inapita dola laki moja, na juu yake malipo ya kila mwezi. Hapa kwetu tuliyonayo ni makazi ya wazee ya serikali, kama ya Ipuli hapa Tabora na ya Kibirizi kule Kigoma. Hayo yamewekwa kwa ajili ya wazee wasio na ndugu wala kipato. Shemeji alisikia "kijiji cha wazee" akaiona Kibirizi mbele ya macho yake. Mwanamume wa miaka 68, aliyesomesha watoto watatu, lazima aumie. Mwombe radhi, kisha mweleze upya, maana maneno ya binti yenu ni ya thamani. Mtu akichagua mji wa kuzeekea huutazama kwa nguvu alizonazo siku hiyo. Anaona sokoni ni karibu, hewa ni nzuri, majirani ni watu wema, anahamia. Miaka sita baadaye hana nguvu hizo, na mji ni ule ule.

Mimi nilimuuguza mama yangu kitandani miaka minne, hapa hapa Tabora, Isevya. Mtu aliyelala hivyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Unaingiza mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, unamvuta kwako taratibu, na mwenzako upande wa pili ananyoosha shuka. Shuka lisiponyooshwa, ule mkunjo unaobaki chini ya kiuno unatosha kuanzisha kidonda, na kidonda cha mgongo kwa mtu mwenye kisukari ni kazi ya miezi. Mchana nilikuwa na watu wengi wa kunisalimu. Saa nane usiku nilikuwa na mmoja tu, mke wa jirani, aliyekuwa akiruka maji ya mtaro na kanga yake kichwani kuja kunishikia shuka. Tangu hapo mtu akiniuliza mji gani unafaa kwa uzee, namuuliza na yeye: saa nane usiku, mtu wako wa pili ni nani?

Kwa kipimo hicho shemeji ana hoja, na nakuomba uipokee. Ujiji ana kaka wawili, dada, na watoto wa dada ndani ya ua mmoja. Mikono ipo. Tabora una marafiki. Mwalimu mwenzako mwenye miaka 63 atakuletea uji, atakaa nawe mpaka magharibi, kisha atakwenda kwake kumwangalia mumewe.

Lakini kuna hesabu ambayo sidhani kama mmewahi kukaa chini mkaipiga. Wewe ni mdogo kwa miaka saba na huna maradhi aliyonayo yeye. Siku ya kufa anaijua Mungu, lakini kwa macho ya kibinadamu wewe ndiye utakayebaki. Kwa hiyo Ujiji itazamwe pia kwa macho ya mjane.

Nyumba ni ya mirathi ya wazazi wawili, warithi ni watoto saba. Kwa sheria ya Kiislamu mwanamume huchukua sehemu mbili na mwanamke moja. Wanaume wanne ni sehemu nane, wanawake watatu ni sehemu tatu, jumla kumi na moja. Mumeo ana sehemu mbili katika kumi na moja. Akitangulia yeye na ameacha watoto, fungu lako wewe mke ni thumuni, yaani sehemu moja katika nane, ya alichokuwa nacho. Thumuni ya mbili katika kumi na moja ni sehemu moja katika arobaini na nne ya nyumba nzima. Hiyo haifiki chumba. Wanao watapata kilichobaki katika lile fungu la baba yao, lakini kutoka Mwanza, Dar na Marekani hawatakuja kukaa Ujiji kukulindia mlango. Utakuwa na miaka sabini na kitu ndani ya nyumba ya mashemeji, ukiishi kwa hisani yao. Pengine ni watu wema kabisa. Nao pia watazeeka, na wanaowafuata ni vijana ambao hukuwalea.

Haya simsemei mtu vibaya. Nimewapokea wajane wa namna hiyo sebuleni kwangu, wamekuja na mfuko mmoja wa nguo, wamezika mume wiki sita zilizopita.

Kwa hiyo hukosei kuikataa Ujiji kama ilivyo sasa, ila usiifungie mlango. Mwambie shemeji awaite ndugu zake wamalize mirathi ya wazazi: msimamizi ateuliwe Mahakama ya Mwanzo, mafungu yaandikwe, kila mtu ajue chake. Ndugu wakikubali kumpa fungu lake kwa sura ya vyumba viwili vyenye mlango wake na choo chake, anaweza akiwa hai na akili zake timamu kukupa wewe kwa hiba, yaani zawadi ya mtu aliye hai, mbele ya mashahidi, kwa maandishi, na ukakabidhiwa kweli. Asiseme ataandika wasia, kwa sababu wasia haumfai mrithi mpaka warithi wengine waridhie. Hiba ikikamilika, Ujiji inakuwa mji mwingine kabisa kwako, na mimi mwenyewe ningekwambia uifikirie kwa moyo mweupe. Ndugu wakianza kupiga chenga, mara "tusubiri fulani arudi", mara "baba hakutaka nyumba igawanywe", hapo shemeji atakuwa amejibiwa na damu yake mwenyewe. Hutahitaji kubishana naye.

Sasa miji yenyewe. Kwa mtu mwenye nguvu sina la kusema sana, yote miwili inakalika. Kigoma kuna upepo wa ziwa, dagaa na migebuka inayotoka majini asubuhi hiyo hiyo. Tabora kuna vivuli vya miembe, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zenye ubaridi mtamu, na sasa maji ya Ziwa Victoria yamefika, tofauti na enzi zako za foleni za ndoo. Asali ya Tabora mtaletewa zawadi na kila mgeni. Mkumbushe shemeji kwamba asali kwenye damu yake ni sukari kama sukari nyingine, hata wakimwambia ni dawa.

Tofauti inaanza mguu unapoburutwa. Tabora ni tambarare. Mtu anayetembea na fimbo anaweza kutoka Kanyenye akafika sokoni bila kupanda wala kushuka, na bajaji inamfikia mlangoni. Kigoma mjini ni miteremko, ukitoka Mwanga kuelekea ziwani unashuka, na kurudi utapanda. Ujiji ni afadhali, lakini hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, iko upande wa Kigoma mjini, kilomita kadhaa kutoka mlangoni kwenu. Hospitali ya hapa Tabora ni Kitete, nayo iko mjini.

Usizilinganishe hospitali hizo kwa majengo, wala kwa kumuuliza mtu kama mashine fulani ipo. Nimewahi kumpeleka mgonjwa mahali palipo na mashine nzuri, nikaambiwa mtaalamu wake yuko likizo. Uliza hivi: picha ya kichwa inapigwa leo? Usiku nani anaisoma? Mtaalamu wa mazoezi ya viungo yupo siku ngapi kwa wiki? Kiharusi cha pili kikija, Mungu apishe mbali, saa za mwanzo ndizo zinazoamua kama mtu atasimama tena, kwa hiyo jaribu na njia yenyewe: panda bajaji saa tatu usiku kutoka mnapotaka kukaa mpaka mapokezi, utazame saa. Kisha zunguka kwenye maduka ya dawa yanayopokea kadi yako ya bima. Wewe ukiwa mwalimu mstaafu uliyechangia mfuko wa taifa wa bima ya afya, hakikisha kadi yenu wewe na mwenza wako iko hai kabla ya kufunga hata sanduku moja. Taja jina la insulini anayotumia shemeji na uulize kama wanayo dukani siku hiyo, na mwezi uliopita kama ilikosekana. Mwenye duka mwaminifu atakwambia.

Umeme ukikatika, insulini isikupe hofu. Chungu cha udongo kilicholoweshwa maji, kikawekwa kivulini penye upepo, huishusha joto vya kutosha mpaka umeme urudi. Chupa uifunge kwanza ndani ya mfuko mkavu. Mwezi wa kumi hapa Tabora utakihitaji.

Ikipita uwezo wa mkoa, mgonjwa wa Tabora hupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Ukitoka asubuhi kupitia Nzega na Shinyanga, mchana uko Mwanza, na Mwanza una binti. Kutoka Kigoma kwenda huko huko ni safari ndefu zaidi kwa mtu aliyelazwa kwenye siti ya nyuma. Kwa Dar, reli ya zamani ni takriban kilomita 840 kufika Tabora na zaidi ya 1,200 kufika Kigoma. Mtoto wa mwisho akipigiwa simu ya usiku, tofauti hiyo ataijua.

Sasa kiwanja chako. Mdogo wangu, usijenge pale. Najua utasikitika, kwa sababu mwalimu kupata kiwanja ni jasho. Lakini nje ya mji, bajaji haziji usiku, majirani ni mashamba, na mtaani wewe ni mgeni. Lipo na jambo ambalo watu wa huku hatupendi kuliandika. Mikoa hii yetu, Tabora, Shinyanga na jirani zake, imewapoteza bibi wengi kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi kwa sababu tu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni wa miaka hamsini. Hali si ile ya zamani, na mjini kati ni nadra. Hata hivyo sitamshauri mwanamke yeyote kwenda kuzeeka peke yake, ugenini, pembeni ya mji, penye ardhi ambayo mtu anaweza kuitamani. Kaa katikati ya watu wanaolijua jina lako. Kwenye mitaa uliyofundisha, wanafunzi wako sasa ni wazazi, ndio wanaokuita "mwalimu" ukipita. Hao ni ulinzi. Ukifika tu, jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa na baraza la wazee, na ujiunge na kikundi cha kuzikana kabla hujahitaji kumwalika mtu.

Nyumba ya Kinyerezi msiiuze. Ipangisheni, kodi yake ilipe pango la Tabora na kinachobaki kimlipe binti wa kukaa nanyi. Mtafuteni mapema, shemeji akiwa bado anatembea, ili amzoee. Mtu mzima hakubali kuogeshwa na mgeni. Hati ya nyumba iandikwe majina yenu wote wawili kama bado. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wenu auze nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, lakini majina mawili kwenye hati yanakuepusha na safari za mahakamani.

Nyumba ya kupanga itazame choo kwanza, sebule baadaye. Choo cha kuchuchumaa kwa mguu ule ni hatari, tafuta cha kukaa, au umwombe mwenye nyumba akiweke, gharama yake mwikate kwenye kodi. Pima mlango wa chumba na wa choo kwa futi kamba: kiti cha magurudumu kinataka sentimita themanini zilizo wazi. Ngazi ya barazani isiwe zaidi ya moja. Fundi akuwekee chuma cha kushikia pembeni ya choo, upande wa kulia, mkono wake wenye nguvu.

Njooni mwezi wa kumi, joto likiwa kali, mkae mpaka mwezi wa kwanza mvua zikiwa zimekolea na barabara za mitaa zimeharibika. Msije mwezi wa saba, kila mji ni mzuri mwezi wa saba. Kabla ya kurudi Dar, pandeni treni hapa Tabora mwende Ujiji wiki tatu, mlale kwenye chumba kile kile ambacho shemeji anakitaka, na yeye akae na kaka zake kuhusu mirathi. Usiwemo kwenye kikao hicho. Kaa uani na wifi yako, umsaidie kuchambua dagaa, na umuulize usiku mama mkwe alipokuwa mgonjwa nani alikuwa akiamka.